Fundi Anajibu: Injini Imefanyiwa Ovaholi, Mbona Inazima?

Barua tatu zilizochaguliwa kwa toleo hili zinahusu magari ya zamani ambayo injini zake zimefumuliwa na kufungwa upya, na ambayo sasa yanazima bila wenyewe kujua sababu. Magari hayafanani na majibu yake hayafanani, kwa hiyo tunamwomba kila msomaji asome barua iliyo karibu na hali ya gari lake kabla ya kushika spana.

SWALI LA KWANZA

Mheshimiwa Fundi,

Ninamiliki Land Rover Series III ya mwaka 1974, chasi fupi, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Injini hiyo ilikuwa imechoka, ikila oili na kutoa moshi wa buluu, nami nikaamua ifanyiwe ovaholi kamili. Silinda zilichongwa na kuwekewa pistoni na ringi mpya, krenki ikasagwa kwa saizi ya kwanza, beringi zote zikabadilishwa, uso wa silinda hedi ukasawazishwa kwa mashine, na valvu zikasagiwa kwenye vikalio vyake. Nilinunua pia pointi, kondensa, koili, kofia ya distributa, rota na plagi, vyote vipya. Kabureta, ambayo ni Zenith iliyokuja na gari, ilifunguliwa, ikasafishwa na kuwekewa gasketi mpya.

Asubuhi injini inawaka mara moja na kunguruma vizuri. Baada ya dakika kumi hadi kumi na tano, sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inaanza kushuka, injini inatetemeka, kisha inazima. Nikiwa barabarani gari linavuta bila tatizo, lakini kila ninapoachia pedali ya mafuta kwenye njia panda, linazima. Nikiliacha lipoe, linawaka tena kama vile halijawahi kunisumbua. Fundi aliyelifunga anasema kwamba injini mpya huwa imebana na itajifungua yenyewe, na amenishauri niiache ingurume kwa sailensi saa kadhaa kila siku. Fundi mwingine anasema kabureta imekufa, ninunue nyingine. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU

Ndugu msomaji, kwa sasa usifuate wa yeyote kati yao, na ule wa kwanza uuache leo hii. Injini iliyofungwa upya hailainishwi kwa kuachwa ingurume kwa sailensi. Ringi mpya hukaa vizuri kwenye ukuta wa silinda pale tu zinaposukumwa na nguvu ya mwako, na nguvu hiyo hupatikana injini inapobeba mzigo, yaani gari linapopanda kilima au linapoongezwa mwendo kwa kiasi. Injini ikizungushwa saa nyingi bila mzigo, ukuta wa silinda huota utando mgumu wenye kung'aa kama kioo, ringi hushindwa kuukwangua, na moshi wa buluu uliokufanya ugharamie ovaholi hurudi. Isitoshe, kwenye injini nyingi za namna hii kamshafti (mhimili unaofungua valvu) hupata sehemu kubwa ya ulainishaji wake kutokana na oili inayorushwa na krenki inapozunguka. Mzunguko ukiwa mdogo, oili inayorushwa ni kidogo. Ndiyo maana injini yenye kamshafti na tapeti mpya huzungushwa kati ya mizunguko 1,500 na 2,500 kwa dakika katika dakika 20 za mwanzo, na wala haiachwi kwenye sailensi.

Ni kweli kwamba injini mpya ina msuguano mwingi kuliko ile iliyochakaa, na skrubu ya sailensi huhitaji kupandishwa kidogo katika kilomita mia kadhaa za mwanzo. Lakini msuguano wa kawaida wa beringi na ringi mpya huonekana zaidi injini ikiwa baridi, wakati oili bado ni nzito. Injini yako iko kinyume: ikiwa baridi ni nzima, ikipata moto inaugua. (Iko namna ya kubana inayozidi kwa joto, nayo nimeizungumzia katika jibu la barua ya tatu, dalili zako hazielekei huko.)

Jambo la thamani zaidi katika barua yako ni maelezo ya namna injini inavyokufa. Umesema sailensi inashuka, injini inatetemeka, ndipo inazima. Injini inayokatika ghafla, kana kwamba mtu amezima swichi, kwa kawaida imekosa moto wa plagi, na hapo ningekupeleka moja kwa moja kwenye koili, kondensa na nyaya za distributa. Inayokufa polepole huku ikihangaika, kwa kawaida imeharibikiwa mchanganyiko wa petroli na hewa, au imepoteza mgandamizo, au taimingi yake (wakati plagi inapotoa moto) imeteleza kidogo kidogo. Yako ni ya kundi hili la pili. Mafundi wengi hawamuulizi mwenye gari swali hilo, na matokeo yake ni kwamba kabureta hufunguliwa mara nne kabla mtu yeyote hajajua kama ina kosa.

Sasa jiulize: ni nini kinachobadilika katika dakika hizo kumi hadi kumi na tano? Vitu viwili vikubwa. Chuma kinapata joto na kutanuka, nawe unairudisha ndani choki, ile inayopunguza hewa ya kabureta injini ikiwa baridi. Tuanze na choki, kwa sababu jaribio lake halihitaji hata spana moja. Siku utakapolijaribu, acha injini ipate moto, na mara tu sailensi itakapoanza kushuka, vuta choki nje kidogo sana, kiasi cha nusu sentimita. Injini ikipata nafuu papo hapo na kutulia, maana yake ilikuwa na njaa: inapata hewa nyingi kuliko petroli. Ikizidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, maana yake ilikuwa imeshiba kupita kiasi na umeizidishia. Isipobadilika kwa upande wowote, achana na kabureta kabisa, uende kwenye valvu na pointi. Tafadhali andika matokeo ya jaribio hili mahali, kwa sababu njia zinagawanyika kuanzia hapo.

Hata hivyo, kabla ya kufuata njia yoyote kati ya hizo, pima nafasi ya tapeti, yaani mwanya mdogo kati ya valvu na roka inayoisukuma. Hedi iliyosawazishwa kwa mashine, yenye gasketi mpya na valvu zilizosagiwa upya, hujikalisha baada ya kupata moto mara chache za mwanzo. Gasketi hujibana, valvu huzama kidogo kwenye vikalio vyake, na nafasi iliyopimwa mezani hupungua, wakati mwingine hata kutoweka. Valvu isiyo na nafasi haifungi kikamilifu inapotanuka kwa joto. Kwenye mwendo wa kasi huwezi kuuhisi upungufu huo, kwa sababu muda wa mgandamizo kuvuja ni mfupi mno. Kwenye sailensi, ambako kila silinda ina muda mrefu wa kuvuja, injini hukosa nguvu ya kujiendesha. Hali hii inalingana na barua yako karibu neno kwa neno. Kwa hiyo kaza kwanza bolti za hedi kwa utaratibu na kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kisha pima tapeti, kwa sababu ukianza na tapeti halafu ukakaza hedi, vipimo vyako vyote vitakuwa vimebadilika.

Kwa injini ya lita 2.25, nafasi ni milimita 0.25, yaani inchi 0.010, kwa valvu za kuingiza na za kutoa vilevile. Iko njia rahisi ya kukumbuka zamu yake: valvu ziko nane, na jumla ya namba ya valvu iliyofunguka kabisa na ile unayoipima lazima iwe tisa. Valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 1, ya 6 ikiwa imefunguka, pima ya 3, na kadhalika. Fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) inapaswa kupita kwa kukwaruza kidogo, na baada ya kukaza nati ya kufungia upime tena, maana skrubu hupenda kuzunguka pamoja na nati bila wewe kuona. Ukikuta valvu moja haina nafasi kabisa, usiwashe injini hata mara moja zaidi kabla ya kuirekebisha, hasa ikiwa ni ya kutoa. Valvu ya kutoa isiyokaa kwenye kikalio chake haina pa kupunguzia joto, nayo huungua.

Ukimaliza hapo, fungua kofia ya distributa. Pointi, yaani swichi ndogo inayokata umeme wa koili, zikiwa mpya zina kipande kidogo cha plastiki ngumu kinachosukumwa na kamu ya katikati, na kipande hicho hulika upesi zaidi katika siku za mwanzo kabla hakijapata umbo lake. Kikilika, mwanya wa pointi hupungua, pointi huchelewa kufunguka, na taimingi hurudi nyuma bila mtu yeyote kuigusa distributa. Injini yenye taimingi iliyochelewa hupata joto zaidi na sailensi yake hushuka. Mwanya unaotakiwa kwenye distributa ya Lucas ya gari lako ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Ukiukuta umepungua, urekebishe, kisha uipime taimingi upya kwa taa, kwa sababu kila mwanya unapobadilika taimingi nayo hubadilika. Paka grisi kidogo sana kwenye kamu ile. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha, kikizidi hurukia pointi zenyewe na kuleta matatizo mengine. Wakati kofia iko wazi, tikisa kwa kidole ule waya mfupi unaounganisha sahani ya pointi na mwili wa distributa. Waya huo hukunjwa na kukunjuliwa kila mara sahani inapovutwa na vakyumu (mvuto wa hewa ya injini), nao huweza kukatika ndani ya kitambaa chake huku kwa nje ukionekana mzima.

Kwa kuwa koili yako ni mpya, ipime pia kwa mita ya umeme. Ziko koili za aina mbili zinazofanana kwa macho: ile inayofanya kazi kwa volti 12 kamili, ambayo ukinzani wake kati ya ncha mbili ndogo ni kama omu 3, na ile inayotegemea kizuizi cha umeme nje yake, ambayo ni kama omu 1.5. Ukifunga hii ya pili kwenye gari lisilo na kizuizi, itapitisha umeme mwingi mno, itapata moto hadi isishikike, na itaunguza pointi. Hatimaye moto wa plagi utadhoofika kila injini inapopata joto. Hili si kosa ninalolitarajia kwa dalili zako, lakini kulipima ni kazi ya dakika moja.

Sasa turudi kwenye choki.

Ikiwa choki iliipa injini nafuu, tafuta mahali inapovuta hewa ambayo haijapitia kwenye kabureta. Mtuhumiwa wa kwanza kwenye injini hii ni manifoldi (mabomba yaliyofungwa kwenye hedi), kwa sababu ya jinsi ilivyoundwa. Manifoldi ya kuingiza na ile ya ekzosi zimefungwa pamoja katikati, halafu zote mbili zinakaa kwenye hedi kwa gasketi. Fundi akizikaza zenyewe kwa zenyewe mezani, ndipo akazipandisha kwenye injini, nyuso zake hazilali sawasawa na uso wa hedi. Upande mmoja unabana na mwingine unabaki na ufa mwembamba usioonekana. Injini ikipata joto na chuma kutanuka, ufa huo unafunguka zaidi. Utaratibu sahihi ni kuziunganisha manifoldi hizo kwa kulegea, kuzipandisha kwenye hedi na kuzikaza hapo, kisha ndipo kukaza bolti zinazoziunganisha. Muulize fundi wako aliifunga vipi, na umuulize kwa upole, kwa sababu hata mafundi wazuri huruka hatua hiyo.

Kuna watu wanaopuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta pembeni mwa manifoldi ili wasikie injini ikibadilisha sauti. Mimi siwashauri wasomaji kufanya hivyo juu ya ekzosi yenye moto. Chukua chupa ya kupulizia maji, pulizia kidogo kidogo kwenye maungio ya upande wa kuingiza huku injini ikinguruma, na usikilize. Maji yakiziba ufa kwa muda, sailensi itabadilika. Fanya hivyo pia kwenye gasketi iliyo chini ya kabureta, na kwenye mpira unaokwenda kwenye vakyumu ya distributa. Kama gari lako lina sava ya breki (kifaa kinachoongeza nguvu ya breki), toa mpira wake kwenye manifoldi, uzibe tundu, na uone kama sailensi inatulia. Mwenye geji ya vakyumu atapata jibu haraka zaidi: injini nzima iliyopata moto huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, na mshale hutulia. Ukiwa sehemu ya mwinuko, punguza kama inchi moja kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari, usije ukalaumu injini kwa kosa la mlima.

Usipopata uvujaji wowote, basi tundu la petroli la sailensi ndani ya kabureta limeziba kidogo. Baada ya ovaholi, uchafu unaolizibisha mara nyingi ni kutu ya tangi lililokaa muda mrefu bila petroli, au vipande vya gundi ya silikoni ambayo mtu aliipaka kwenye gasketi ya kabureta ili kuondoa wasiwasi. Petroli huilegeza gundi hiyo na kuipeleka mahali pembamba zaidi. Pasiwe na silikoni popote petroli inapopita.

Ikiwa choki iliizidishia injini shida, yaani moshi mweusi na harufu ya petroli, hapo ndipo ninapoishuku kabureta yenyewe, ingawa bado sioni haja ya kununua nyingine. Zenith ya namna hii inajulikana kwa kifuniko chake cha juu kupinda kutokana na joto na kukazwa kupita kiasi. Kati ya kifuniko na mwili wake kuna ringi ndogo ya mpira inayozuia petroli isipite mahali isipotakiwa. Kifuniko kikipinda, ringi hiyo haibani, na injini huvuta petroli ya ziada ambayo hakuna skrubu ya kuirekebisha. Unaweza kugeuza skrubu ya mchanganyiko hadi mwisho na injini isijali. Fungua kifuniko, kilaze juu ya kioo bapa, na ukibonyeze pembe moja baada ya nyingine. Kikichezacheza, weka msasa laini juu ya kioo na ukisugue kwa mizunguko hadi uso mzima ung'ae kwa usawa, halafu weka ringi mpya na ukaze skrubu kwa kupokezana, bila kutumia nguvu. Angalia pia kiwango cha boya na sindano yake.

Jambo moja dogo ambalo halistahili aya ndefu: siku gari litakapozima, fungua mfuniko wa tangi mara moja. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba.

Kama yote haya yatapita bila jibu, ndipo upime mgandamizo wa silinda, injini ikiwa na moto, plagi zote zikiwa zimetolewa na pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi chini. Silinda zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi. Cheni ya taimingi iliyofungwa kwa kosa la jino moja ningeiweka mwisho kabisa, kwa sababu ingekusumbua tangu asubuhi injini ikiwa baridi. Lakini ukilazimika kuihakiki, alama ya EP kwenye flaiwili inapaswa kuelekeana na kielekezi wakati valvu ya kutoa ya silinda ya kwanza imefunguka kabisa. Nikitakiwa kuweka dau sasa hivi, bila kuliona gari, ningeliweka kwenye tapeti, na dau la pili kwenye manifoldi.

SWALI LA PILI

Kwako Fundi,

Shikamoo. Gari langu ni Volkswagen Beetle yenye injini ya 1600, kabureta moja ya Solex 34 PICT-3, na injini ilifumuliwa yote hivi karibuni. Ikiwa kwenye mwendo haina kasoro. Nikiachia pedali na kukanyaga klachi ili nisimame, inakatika papo hapo, na haijali kama ni baridi au imepata moto. Nimeshapandisha skrubu ya kipepeo cha kabureta mara kadhaa. Inakaa siku moja au mbili, halafu tabia inarudi. Je, inawezekana pistoni zilifungwa vibaya?

JIBU

Marahaba. Pistoni ziache zipumzike. Kwenye ubavu wa kabureta hiyo kuna kifaa kidogo cha mviringo chenye waya mmoja. Kazi yake ni kufungua njia ya petroli ya sailensi swichi inapowashwa, na kuifunga inapozimwa. Waya wake hutoka kwenye ncha ya koili yenye namba 15, na wakati injini inaposhushwa na kurudishwa, waya huo hukatwa, husahaulika au huchomekwa kwa kulegea. Bila umeme, kifaa hicho kinabaki kimefunga: injini itaendeshwa na njia nyingine za petroli ukiwa umekanyaga mafuta, na itakatika mara tu utakapoachia. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya huo na uuchomeke tena. Usiposikia mlio mdogo wa kugonga, pima kwanza kama umeme unafika kwenye waya. Ukifika na kifaa kikakaa kimya, kibadilishe. Ukisikia mlio, kifungue, kisha ukisafishe pamoja na tundu linaloongozana nacho.

Baada ya hapo una kazi ya kurudisha ulichokiharibu, nisamehe kwa kusema hivyo. Kwenye 34 PICT-3, sailensi hairekebishwi kwa skrubu ya kipepeo. Ziko skrubu mbili ubavuni, kubwa na ndogo: kubwa inapandisha na kushusha mzunguko kwa kupitisha hewa pembeni ya kipepeo, na ndogo inapanga mchanganyiko. Kipepeo kikifunguliwa zaidi ya kipimo chake, hufunua matundu ambayo hayakukusudiwa kufanya kazi kwenye sailensi, na kuanzia hapo hakuna skrubu itakayokutii. Legeza ile ya kipepeo hadi isiguse, irudishe hadi iguse tu, ongeza robo ya mzunguko, uiache hapo kwa heri. Halafu panga sailensi kwa ile kubwa.

Kama hedi zako ni za matundu mawili kila upande, kagua pia mipira miwili inayounganisha bomba la katikati na ncha za manifoldi, kwa sababu hupasuka kwa chini, mahali ambapo macho hayafiki, tumia kidole. Na tapeti za injini hii hupimwa ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15.

SWALI LA TATU

Bwana Fundi,

Nina sedani ya miaka ya 1960, silinda nne, iliyotoka ovaholi. Ikishatembea kwa muda inazima, na hapo stata inashindwa kuizungusha. Inatoa mguno mmoja na kusimama. Ikipoa inazunguka vizuri. Betri ni mpya. Nimeambiwa niendelee kuisukuma hadi izoee.

JIBU

Bwana msomaji, usiisukume tena hata mara moja hadi umepata jibu la maswali matatu, na uyafuate kwa mpangilio huu kwa sababu la kwanza halina gharama na la mwisho lina gharama kubwa.

La kwanza ni waya wa athi, ule mkanda mnene unaounganisha injini na bodi ya gari. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo bila mkanda huo umeme wa stata hauna njia halali ya kurudi kwenye betri, nao hutafuta njia nyingine: waya wa choki, waya wa mafuta, hata bomba dogo. Mkanda huu husahaulika sana injini inaporudishwa garini, au hufungwa juu ya rangi mpya isiyopitisha umeme. Baada ya kujaribu stata, shika waya wa choki karibu na kabureta. Ukiukuta na joto lisiloelezeka, umepata mgonjwa wako, au angalau mmoja wao.

La pili ni taimingi. Injini ikiwa na moto na imegoma, chomoa waya mnene wa katikati ya distributa na uufunge vizuri kwenye chuma cha injini ili koili isidhurike, kisha jaribu stata. Ikizunguka kwa wepesi, basi ilikuwa ikipigwa nyuma na mwako unaowahi. Rudisha taimingi mahali pake.

Likishindikana na hilo, zima swichi, toa plagi zote, weka spana kwenye nati ya puli ya krenki na uzungushe injini kwa mkono ikiwa bado na moto, halafu urudie ikiwa baridi. Bila plagi, mkono mmoja unapaswa kutosha. Ikiwa ya moto ni nzito kupita ya baridi, kuna kitu kinachobana kwa kutanuka: pistoni iliyopewa nafasi ndogo kwenye silinda, beringi iliyofungwa bila kupimwa, au ringi ambazo ncha zake zinagusana. Mwanya wa ncha za ringi hupimwa kwa kuiingiza ringi peke yake ndani ya silinda, na kwa injini nyingi za petroli za wakati huo haupaswi kupungua sana chini ya milimita 0.3 kwa kila milimita 100 za kipenyo. Fundi aliyezitoa kwenye boksi na kuzivalisha pistoni moja kwa moja hakuupima.

Mwaga oili kupitia kitambaa cheupe, na ukate chujio la oili kwa msumeno ulitandaze. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida kwa injini mpya. Ukikuta vipande vinavyong'aa ambavyo unaweza kuvihisi kati ya vidole, injini ishushwe tena, na safari hii omba uonyeshwe vipimo vya kila silinda na kila beringi vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi kabla haijafungwa.